Aproni Iliyokinga Ukuta

Hospitali nzima ilimwita Mama Tulia, kwa kuwa neno hilo ndilo lililompa ugali. Kazi yake ilikuwa kushika watoto kwenye chumba cha eksirei. Mtoto akifurukuta, picha inaharibika, basi wazazi walitolewa nje, naye akajifunga aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, akakamata vile vikono na kusema, "Tulia, baba, tulia." Mzazi aliyemsihi alegeze kidogo alijibiwa papo hapo: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Mashine ilipokaribia kupiga, aliipa mgongo. Hakuna aliyemfundisha; aliona tu kwamba kitu kibaya hakitazamwi usoni. Mafundi waliojibanza nyuma ya kioo walimwona kila siku na hawakusema neno. Sijui macho yao yalikuwa ya kazi gani.

Alipostaafu, kazi ilirithiwa na binti yake, kitinda mimba. Alimfundisha yote: kushika, kubembeleza, kugeuka.

Kisha fizi zikaanza kuvuja damu, na ngazi zikamshinda. Daktari wa damu, mtu mpole, akamwonyesha picha ya kromosomu zake, vijiti vyeusi vilivyopangwa jozi jozi. Jozi nyingine hazikufanana tena.

"Hizi zimo ndani ya seli, mama, ndizo zinazoielekeza iishi vipi," alisema. "Mionzi huzikata. Mwili hujaribu kuziunga, ila mara nyingine hukosea, kipande cha huku kikabandikwa kule. Seli ya uboho, inayotengeneza damu, ikiharibika hivyo, huzaa nyingine mbovu kama yenyewe. Saratani yako ya damu imeanzia hapo. Siwezi kuapa kwamba ni ile kazi, lakini naishuku."

"Mbona nilivaa aproni?"

"Ulikuwa unasimamaje?"

Akainuka, akashika mtoto asiyekuwepo, akageuka.

"Ile inafunika mbele tu, mama. Mgongo ulikuwa wazi."

Miaka yote ile aproni ilikuwa ikiukinga ukuta. Hakuuliza amebakiza siku ngapi. Alichukua mkoba wake, akajikongoja hadi chumba cha eksirei, akafika taa ya mlangoni, ile inayowaka mashine ikipiga, ikizimika. Binti yake alikuwa akitoka, anafungua aproni.

"Mama, mbona unahema? Majibu yametoka?"

"Usiipe tena mashine mgongo. Nilikufundisha vibaya, mwanangu. Aproni haina nyuma."

Binti alimtazama. Mkono wake ukashuka taratibu hadi tumboni, pale ambapo bado hapakuonekana kitu.

"Nilitaka nikwambie Jumapili," akasema. "Miezi mitatu."

Mama Tulia alikuwa ameipokea habari ya kifo chake bila kupepesa jicho. Hii hakuiweza. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Ndani, mtoto mwingine alianza kulia. Fundi akaita, "Mshikaji yuko wapi?"

Alimpokonya binti yake aproni, akamsukumia kwenye benchi, akajifunga mwenyewe. Akaingia.

"Tulia, baba," akasema, na mara hii aliikodolea mashine macho.