Kurasa Mbili Zilizopigwa Stepla

Nimekagua vyumba vya hoteli kwa miaka tisa huko Doha, na nimekagua riwaya za wasichana wenye mapanga kwa miaka miwili hapa Nakuru. Vyumba vilikuwa visafi zaidi.

Nasema hivi kwa sababu nina haki ya kusema. Niliondoka hapa nikiwa mtandika vitanda, nikarudi na diploma ya usimamizi wa usafi wa hoteli, niliyoisomea baada ya zamu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna harambee iliyofanywa kwa ajili yangu. Nyumba ninayokaa mtaa wa Section 58 nimeinunua mwenyewe, mpaka ndoano ya kutundikia taulo, na leo hoteli za Naivasha zikitaka wafanyakazi wao wafundishwe kazi zinanitumia gari. Diploma iko ukutani sebuleni. Mgeni akikaa kwenye kochi lolote anaiona.

Kitu kimoja tu hakikurudi mikononi mwangu kama nilivyokiacha, naye ni binti yangu. Nilimwacha akiwa na miaka saba kwa mama yangu huko Molo, kwenye shamba dogo ambalo baba alinunua alipostaafu reli. Nilimkuta na miaka kumi na sita. Siku niliyofika alinisalimia kwa mkono, kama mtu anayemsalimia mwalimu mgeni, kisha akaangalia viatu vyangu. Aliviangalia muda wote tuliokunywa chai. Nilifurahi. Vilikuwa viatu vya ngozi nyeupe, vya duka lenye sakafu ya marumaru, na nikajisemea kwamba mtoto huyu anakijua kitu kizuri akikiona. Hadithi hiyo ya viatu niliwasimulia watu wengi.

Alihamia kwangu na begi moja la nguo na katoni mbili za vitabu. Nyanya yake ndiye anayemwita Mama. Mimi ananiita Mum, na miezi ile ya kwanza maneno yaliyofuata "Mum" yalikuwa "nimeshiba," "nimeoga" na "sawa." Nikiingia chumbani kwake alikuwa anainua kitabu juu kidogo, kama mtu anayefunga dirisha. Nikaamua kwamba ikiwa mtoto yuko ndani ya vitabu, nitaingia humo humo nimtoe. Alipoenda shule nikachukua kile cha juu kabisa kwenye katoni.

Mungu atanirudishia siku gani saa nilizopoteza?

Riwaya hizi zote zimepakuliwa kutoka sufuria moja. Kuna msichana wa miaka kumi na saba. Ni mwembamba lakini ana nguvu za wanaume wanne. Ni mrembo, na ufalme mzima unajua isipokuwa yeye, maana katika nchi hizo wanajua kufua chuma cha mapanga lakini hawajui kutengeneza kioo. Ana upinde, au joka, au alama fulani begani inayowaka akikasirika. Anapanda farasi siku tatu mfululizo na hachubuki popote. Nywele zinafika kiunoni na hakuna anayezisuka. Chakula hali. Nilisoma kitabu kimoja cha kurasa mia nne nikitafuta tu mahali ambapo shujaa huyu amekula, nikapata tufaha moja, na hata hilo nikaona amempa farasi. Mimi nimefanya kazi na wasichana wenye nguvu za kweli, wanaopandisha magodoro mpaka ghorofa ya kumi na mbili lifti ikiharibika, na nakuambia, ikifika saa saba mchana msichana mwenye nguvu anauliza wali uko wapi.

Katika kitabu kingine msichana anafika mahali ambapo moshi unatoka ardhini, anapiga magoti na kulia kwa sababu ameona makao ya miungu. Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, moshi unatoka ardhini kila siku, na watu wanaingia zamu wakiwa wamebeba githeri kwenye mikebe.

Hotelini huingii chumbani kukagua mikono mitupu. Unaingia na fomu. Unapitisha kidole juu ya fremu ya picha, kwa sababu mvivu hupanguza pale panapoonekana tu. Basi nikatengeneza fomu ya vitabu. Msichana amekula lini? Amelala wapi, na nani ametandika? Nguo zenye damu zinafuliwa na nani? Swali la mwisho niliongeza baada ya kitabu cha tano. Mama yake yuko wapi?

Niliongeza kwa sababu mama huwa amekufa. Amekufa kwa homa ukurasa wa tatu, au ameuawa na askari wa mfalme ukurasa wa kumi, na akichelewa sana amekufa akimzaa shujaa. Waandishi hawa wanaondoa mama kama watu wanavyofagia uwanja kabla ya sherehe. Mama akiwepo atauliza unaenda wapi na hilo panga, na hadithi itaishia hapo. Ni uvivu. Ningemkuta mfanyakazi wangu anasukuma takataka chini ya kitanda namna hiyo, angerudi kwao wiki hiyo hiyo.

Matokeo ya ukaguzi nikawa nayaandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Imepita au Imekataliwa, na sababu. Hakuna kilichopita. Watu wakaanza kunifuata kwa wingi, wengine wakiniuliza mwandishi alinikosea nini. Siku moja kijana anayeuza vitabu vya mitumba kwenye turubai karibu na soko akanisimamisha.

"Mathe, si wewe ndiye yule wa Imekataliwa?"

"Mimi si mathe yako. Ndiyo, ni mimi."

"Pole, madam. Tafadhali usiache hiyo kazi. Ukikataa kitabu asubuhi, jioni sina hata kimoja. Kile cha joka la barafu wasichana wamekipigania hapa karibu wararue."

"Basi wasichana wa Nakuru hawana akili."

"Wako nayo, madam. Wanataka kuona kama ni kibaya vile umesema." Akainama, akatoa kingine, kizito, chenye msichana na mbwa mwitu kwenye jalada. "Sasa hiki kimekataa kutoka. Nikikupea bure, huwezi kukitukana kidogo wiki hii?"

Nilikinunua kwa bei yake. Mimi sitoi matusi kwa hongo. Na nilikitukana, kwa sababu kilistahili.

Kwamba binti yangu alikuwa anausoma ukurasa huo, nilijua siku aliyokuwa akimenya viazi jikoni akasema bila kuinua kichwa, "Yule wa tufaha hakumpa farasi yote. Alikula nusu."

"Ukurasa gani?"

"Mia mbili na kumi."

Nikaenda kuangalia. Kweli, alikuwa amekula nusu. Niliandika masahihisho siku hiyo hiyo, kwa sababu mkaguzi asiyekubali kosa lake ni mtu wa domo tu. Lakini nilichokibeba moyoni wiki nzima si tufaha. Ni kwamba mtoto alikuwa ameniambia sentensi mbili kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyohusu kushiba wala kuoga.

Kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakikukaa kwenye katoni. Nilikikuta chini ya mto wake nikitandika. Jalada lilikuwa limeshikiliwa kwa selotepu. Aliingia nikiwa nimekishika.

"Mum, hicho usikiandike."

"Kwa nini?"

"Usikiandike tu. Vile vingine endelea, hata vinachekesha. Hicho wacha."

Nikasema sawa. Nikakirudisha.

Ijumaa alienda Molo kumsaidia nyanya yake kuvuna viazi, na Jumamosi asubuhi nikainua mto. Sioni aibu kulisema. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kuinua mito.

Kilikuwa kitabu cha daraja. Msichana analinda daraja juu ya bonde, peke yake, na majitu yanakuja moja baada ya jingine kutaka kuvuka. Anayatupa chini yote. Hali, hachubuki, hasukwi, kama wenzake. Lakini mama yake hakuwa amekufa. Alikuwa amevuka daraja hilo kwenda kutafuta chumvi msichana akiwa mdogo, akaahidi kurudi. Hapo nikakaa wima.

Karibu na mwisho, kurasa mbili zilikuwa zimepigwa stepla pamoja. Pini tatu ukingoni, zimebanwa kwa nguvu. Mtoto huyu hakunji hata kona ya ukurasa. Anaweka kipande cha uzi. Nilizitoa pini kwa ncha ya kisu, polepole, bila kuchana kitu, nikaziweka kwenye kisosi.

Ndani, mama alikuwa amerudi. Anatokea upande wa pili na magunia ya chumvi. Msichana anatupa panga, anakimbia, anamrukia shingoni. Mama ananukia nyumbani. Wanalia, jua linatoka, na ukurasa ukigeuzwa wanaimba. Miaka yote ile imemalizwa kwa kurasa mbili.

Nimefungua vyumba ambamo watu wa harusi wamelewa siku tatu, na sijawahi kuona uchafu kama ule uliofunikwa shuka safi kama ile. Niliandika nikiwa nimesimama, kwa kalamu, nyuma ya fomu za Naivasha. "Imekataliwa. Mwandishi huyu hajawahi kwenda mahali na hajawahi kurudi. Mtoto aliyeachwa na miaka saba hamrukii mtu shingoni. Mama hanukii nyumbani. Ananukia ndege na sabuni ya watu wengine. Anasalimiwa kwa mkono, anapewa chai kwenye kikombe cha wageni, na hakuna jua linalotoka. Anayejua aandike hivyo. Asiyejua anyamaze."

Bado wino haujakauka mlango ukafunguka. Mvua ilikuwa imeanza Molo, lori la viazi lilikuwa linashuka mapema, nyanya yake akampakia mbele na dereva jirani. Alikuwa na gunia dogo mkononi na begi mgongoni. Aliona kitabu, kisosi, pini tatu.

"Umetoa pini."

"Nimetoa."

"Nilikuambia usikiandike."

"Hukuniambia nisikisome." Na nikasikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya kijinga, ya mfanyakazi aliyekamatwa na taulo la hoteli kwenye mkoba.

Akachukua karatasi. Akaisoma akiwa amesimama, begi bado mgongoni. Nimesimamia wafanyakazi arobaini, nimemjibu meneja mkuu mbele ya wageni, na hapo niliosha kwenye sinki kikombe kilichokuwa kisafi, kisha nikakiosha tena. Nilikuwa nasubiri mlango wa chumba chake ubamizwe. Nilijua ukifungwa leo, miaka itapita kabla haujafunguliwa.

"Hapa kwa kikombe cha wageni," akasema. "Mama ndiye alinituma nikitoe kabatini. Mimi sikutaka."

"Nilikiona."

"Kwani uliona?"

"Mimi huona vikombe. Ni kazi yangu."

Akacheka kwa pua, kidogo sana. Akavua begi. "Hicho kitabu nakipenda chote," akasema. "Hiyo page tu ndiyo iliniudhi. Nikasema heri asirudi kuliko arudi hivyo."

Nilimimina viazi kwenye beseni, nikampa kisu, nikachukua kingine. Tulimenya. Baada ya kiazi cha tatu au cha nne akasema, "Lakini umesahau kitu."

"Sijasahau kitu."

"Umesahau. Huyo msichana angeangalia viatu."

"Viatu gani?"

"Vya mama yake. Hadi chai iishe. Kwa sababu uso haezi angalia, na akiangalia ukuta watu watasema hana adabu."

Kisu changu kilisimama. Nilikumbuka meza ile ya Molo, na kila mtu niliyemsimulia jinsi mtoto alivyovutiwa.

"Na mimi nikafikiri umevipenda," nikasema.

"Mum! Vilikuwa vibaya. Vilikuwa vya nesi."

"Ile ni ngozi halisi!"

"Basi nesi tajiri."

Tulicheka wote wawili, mimi nikiwa nimeumia kweli, kwa sababu ngozi ile ni halisi na sitabadilisha msimamo huo. Kisha akafuta mikono kwenye sketi, jambo ambalo sijamruhusu, akasukuma karatasi mbele yangu.

"Sasa andika," akasema. "Weka hiyo ya viatu. Na utoe hapa kwa jua, umezidisha."

Nikatoa jua. Nikaweka viatu, kwa maneno yake. Alisoma juu ya bega langu nikichapa kwenye ukurasa wangu, akinirekebisha, na sikumwambia kwamba simtaki mtu nyuma yangu nikifanya kazi, ingawa wafanyakazi wangu wote wanalijua hilo.

Kitabu cha daraja sasa kiko kwenye katoni pamoja na vingine, bila pini. Viatu viko chini ya kabati, ndani ya boksi lake.

Wasomaji waliniandikia sana kuhusu sentensi ile ya viatu, wakisema ndiyo bora zaidi niliyowahi kuandika. Niliwajibu kwamba si yangu. Ndiyo sentensi pekee katika ukurasa wote ambayo sikuiandika mimi, na kila mtu anayenijua anajua maneno hayo yananigharimu nini. Lakini mwandishi wa kitabu cha daraja simwonei huruma. Alikuwa na kurasa mia nne, majitu, bonde, na mama aliyerudi na magunia ya chumvi, na hakukiona kiatu. Msichana wa Section 58 alikiona huku akimenya viazi. Kitabu kimekataliwa, na kikichapishwa upya nitakikataa tena.