Rula Tatu za Msasa

Fundi huyu wa magitaa walimwita Msasa kwa sababu nywele zake hazikukosa vumbi la mbao, na pia, walivyosema majirani, kwa sababu ukikaa naye karibu anakukwaruza. Hakuwa mkali. Alikuwa hatulii tu. Akila, mguu unatikisika. Akiongea na wewe, vidole vinapapasa meza vikitafuta palipobinuka. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mumewe na mama yake mzazi.

Mama huyo alipiga gitaa kwenye bendi enzi za ujana wake. Kisha kiharusi kikampata, mkono wa kushoto ukalala. Ulipoanza kuamka aliomba gitaa lake. Akabonyeza uzi mmoja, akakunja uso.

"Mwanangu, nyuzi zimekaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Vidole hivi havina nguvu hiyo. Nishushie."

Kushusha nyuzi si kazi. Kazi ni kwamba zikiikaribia sana shingo, zinagusa vile vijiti vya chuma vilivyolala juu yake, na gitaa linakoroma. Vijiti vyote lazima viwe na kimo kimoja. Msasa alipima kwa rula yake ya chuma, akapiga tupa palipoinuka, akafunga nyuzi. Likakoroma. Akafungua, akapiga tupa tena. Sasa likakoroma mahali pengine.

"Limeshikwa na mafua," mama akasema kutoka kitini.

Msasa hakucheka. Chuma kikishaliwa na tupa hakirudi. Akaitazama rula yake kwa jicho la shaka. Akachora mstari kwenye karatasi, akaigeuza rula upande wa pili, akachora mwingine juu ya ule wa kwanza. Mistari ilikutana kwenye ncha, lakini katikati iliachana.

Rula ilikuwa imepinda. Siku zote hizo alikuwa akiwalaumu watengeneza magitaa.

Kesho yake alizunguka maduka ya vifaa. Kila rula aliyopewa aliinyanyua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Dada, unanunua rula au unachagua mchumba?" muuza duka mmoja akamuuliza.

"Mchumba akipinda kidogo unavumilia," Msasa akajibu, akamrudishia.

Rula moja ya uhakika aliiona, ndani ya kabati la kioo, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Alipotajiwa bei aliiweka chini kwa mikono miwili, kama mtoto wa watu. Badala yake akanunua pima maji ya alumini, akitumaini ukingo wake umenyooka. Nyumbani akailaza juu ya kioo cha dirisha; ikacheza kama kiti kibovu.

Chakula kikamshinda. Akapima mlango, akapima kabati, akapima ukingo wa kitanda cha mama yake.

"Ukimaliza nyumba utanipima na mimi?" mama akauliza.

"Mama, nipe muda."

"Muda ninao. Vidole ndivyo sijui."

Neno hilo lilimtoa nje bila hata kubadilisha viatu. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa na karakana ya kukereza vyuma.

"Shemeji, nitengenezee rula iliyonyooka."

"Nikikutengenezea moja, utajuaje imenyooka?"

"Nitailinganisha na nyingine."

"Na hiyo nyingine?" Shemeji akacheka. "Moja ikibinuka na ya pili ikibonyea, zitakaa pamoja kama sufuria na kifuniko, na wewe utashangilia. Mashahidi wawili wanaweza kula njama. Tafuta wa tatu."

Akakata vipande vitatu kutoka chuma kinene kilichobaki kwenye kazi ya mtu, akavipitisha kwenye mashine yake, kisha akamkabidhi tupa. "Iliyobaki ni yako. Mimi sina subira hiyo."

Msasa alipaka kipande kimoja wino, akakisugua juu ya mwenzake, akakwangua pale tu wino uliposhika. Cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Viwili vikipatana, cha tatu kinakataa. Mara mbili alivitupa sakafuni na kutoka nje. Mara mbili alirudi kabla hajafika barabarani. Mwishowe alivisimamisha viwili viwili, kingo kwa kingo, mbele ya tochi ya simu. Kwa jozi zote tatu, mwanga haukupita.

Rula mpya ikamwonyesha kosa: shingo ilikuwa na nundu pale inapoungana na mwili wa gitaa, na yeye alikuwa akivionea vijiti vya katikati. Viwili alivyokuwa amevipiga tupa kupita kiasi aliving'oa, akaweka vipya. Akaisawazisha shingo yote, akashusha nyuzi, akampelekea mama.

Mama alibonyeza uzi mmoja baada ya mwingine. Hakuna uliokoroma.

"Sasa sina kisingizio," akasema, na kwa mara ya kwanza Msasa akaona kwamba mama yake anaogopa.

Kidole kidogo hakikurudi. Mama alihangaika nacho wiki kadhaa, akakitukana, akakiacha, akatafuta njia ya kupiga kwa vidole vitatu. Jioni moja alipiga wimbo mzima, na kukosea mara chache tu. Msasa alisimama mlangoni mwanzo hadi mwisho, shingo upande, akisikiliza kila kijiti.

"Mama, rudia."

"Kwani limekoroma?"

"Hapana. Nilikuwa nasikiliza gitaa. Wimbo sikuusikia."

Mama akamwambia akae kwanza. Akakaa. Mama akaanza upya, polepole zaidi.