Vijiwe Nilivyowatupia Kuku

Majina ya watu nayakumbuka yote. Niulize aliyekaa karibu nami kwenye dawati la darasa la pili, ambalo ndilo la mwisho nililokalia, nitakuambia jina lake na la babake. Lakini hapa sitamtaja mtu. Wengine bado wako hai na wana haya zao, na mimi nina zangu, ndiyo maana naandika.

Nilianguka nikiwa Myanga, kule Bungoma, kwa binti yangu, nikimenya viazi. Kisu kilitoka mkononi kwanza, halafu nikakifuata. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Nilipoweza kukaa tena, mkono wangu wa kulia ulikuwa upo lakini haunisikii. Unauambia shika, wenyewe umelala kama paka juani.

Baadaye mwanangu alikuja kunichukua, akanileta kwake hapa Tuwan, Kitale. Mke wake ni mtu mzuri, sina neno naye. Ila yeye, anayeniita shosho kama wajukuu wanavyomwita nyanya yao, alikuwa na neno moja kwangu: shosho, kaa tu. Nikishika birika, kaa tu. Nikiinuka kufukuza kuku, kaa tu. Maharagwe ya mbegu, ambayo tangu niolewe hakuna mwingine aliyeyachagua katika familia yetu, siku moja nilimwona akiyachagua yeye, na yale yaliyotobolewa na wadudu akiyaacha ndani. Sikusema. Mtu akinyang'anywa kazi, hata mdomo unamwishia nguvu.

Kliniki yangu ilibaki Bungoma, kwa sababu huko ndiko walikoanza kunitibu. Daktari wa mazoezi ni mama wa huko huko, na alikuwa ananiita kukhu, vile wanavyowaita nyanya zao. Naye alikuwa kwenye masomo yake, anachunguza jinsi mkono uliosahau unavyojifunza upya. Alinipa vibanio vya nguo nivitoe kwenye waya mmoja nivibane kwenye mwingine, yeye anatazama saa, akisema basi anaandika nimefikisha vingapi. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, akauvalisha soksi, ati usiibe kazi ya mwenzake. Nikamwambia hata nyumbani, ukimwacha mtoto mwenye bidii afanye yote, yule mvivu hatajifunza kuteka maji. Akacheka mpaka akapoteza hesabu ya vibanio.

Lakini siku hiyo pia aliniambia kwamba vibanio havitoshi. Mkono unataka kazi uliyoijua zamani, kazi ndogo, irudiwe mara nyingi, kila siku.

"Kukhu, vidole vyako vilikuwa vinafanya nini zaidi?"

Nikamwambia vilikuwa vinachagua mbegu.

"Basi vichague."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Bungoma. Nyumbani ilikuwa kaa tu.

Likizo ilipofika, mjukuu wangu akaja. Huyu ni msichana wa mwanangu huyo huyo, anasoma chuo kikuu kule pwani, na kazi yake ni kutafuta kujua papa anakula nini, yule samaki mkali anayekula wenzake. Mara ya kwanza alipotueleza, babake aliuliza kama mahindi ya hapa kwetu Trans-Nzoia yamekosa wadudu wa kuchunguzwa. Msichana hakujali. Wavuvi wakileta papa, yeye anaomba tumbo. Wanamcheka, wanampa. Anaosha kila kitu kwenye chujio. Nyama ya samaki walioliwa inakuwa imeyeyuka, lakini vinabaki vijiwe. Kumbe samaki ana vijiwe kichwani, karibu na sikio, na kila aina ya samaki ina umbo lake. Ukivisoma vijiwe unajua papa alimla nani. Mimi bahari sijawahi kuiona, lakini jambo hilo nililielewa mara moja. Hata kwenye kinyesi cha mbuzi utajua aliingia shamba la nani.

Alikuja na vijiwe hivyo kwenye vichupa, vimepangwa ndani ya kopo la biskuti, chupa moja papa mmoja. Alikuwa ameshavihesabu. Sasa mwalimu wake alitaka mtu mwingine avihesabu pia, macho ambayo hayajui hesabu ya kwanza. Alitegemea mamake, lakini mamake yuko sokoni kutwa.

Nikasema nipe mimi.

Mke wa mwanangu akaanza, shosho, kaa tu, na msichana akamkatiza: "Mum, si hiyo kazi atakuwa amekaa?"

Basi asubuhi iliyofuata nikawekewa sinia kwenye veranda, na soksi kwenye mkono wa kushoto. Vijiwe vyenyewe ni vidogo kama chenga za mchele, vyeupe. Chupa ya kwanza ilinimalizia asubuhi nzima. Nilikuwa nakishika kimoja kinaanguka, nakishika kinaanguka, jasho linanitoka kama niliyekuwa nalima. Ya pili ilikwenda haraka kidogo. Siku iliyofuata, kwenye ya tatu, kidole na gumba vilikutana bila mimi kuviambia. Nikafurahi moyoni, na mkono nao ukifurahi unarudia sheria zake za zamani. Kizima, kwenye sinia. Kilicholiwa, kilichomeguka, kisicho na umbo, nje. Vile vibovu nilivirusha uani kama ninavyorusha maharagwe mabovu. Kurusha kwenyewe kulikuwa kuzuri, kidole kinapiga tu, tap. Kuku walikuja mbio. Kuku wanapenda kitu cheupe kigumu.

Nilipomaliza nikampa msichana hesabu: ishirini na tatu. Akaangalia daftari lake, akaniomba nirudie. Ishirini na tatu. Akahesabu mwenyewe. Kisha akakaa kwenye ngazi.

"Mimi nimeandika thelathini na nne," akasema. "Na nakumbuka hii ilikuwa na vile vilivyochakaa vingi. Ama ilikuwa chupa nyingine?"

Hapo nikajua. Nikawatazama kuku, nao wanakwaruza ardhi kama kawaida yao.

Nilinyamaza, na nataka niseme kwa nini. Nilijua nikifungua mdomo sinia litaondolewa, na halitarudi. Itakuwa kaa tu mpaka wanipeleke kaburini. Kazi ile ilikuwa ya siku mbili tu, lakini nilikuwa nimekaa miezi mingi bila hata moja.

Mchana huo wote msichana alirudia chupa zote, moja baada ya nyingine, mpaka hakuziamini tena hata zilizolingana. Mamake aliporudi akamwekea chakula, kikapoa. Asubuhi tukiwa kwenye chai akatoa simu, akamsomea mamake barua aliyomwandikia mwalimu. Ilisema kwamba hesabu zake si za kuaminiwa, kwamba kama amekosea chupa moja basi hajui amekosea ngapi, na kwamba yuko tayari kuanza upya au kuacha. Ilikuwa kazi ya karibu mwaka mzima, na matumbo hayo huwezi kuyarudisha.

Mimi nikauliza vile vilivyochakaa vina faida gani, si ni vibovu?

"Shosho, vile ndivyo vya zamani," akasema. "Vizima ni chakula cha asubuhi ile papa alishikwa. Vilivyochakaa ni cha siku zilizopita. Ukivitoa, itaonekana ni kama hakuwahi kula kitu kingine maishani mwake."

Kidole chake kilikuwa tayari pale pa kutuma.

"Nilivitupa mimi," nikasema. "Nilidhani vimeoza. Kuku wamekula."

Akaweka simu chini, uso wake ukielekea meza.

"Jana ulijua?"

"Jana nilijua."

Alinitazama vile mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake aliyemkosea. Hakunitazama kama mgonjwa. Iliniuma sana. Tena ilikuwa siku nyingi tangu mtu yeyote anikasirikie. Mke wa mwanangu akataka kunitetea, kwamba shosho ni mzee, hajui, na mimi nikamwambia asinitetee, nilijua.

Msichana alichukua ufagio akafagia ua wote, polepole, kama anayefagia unga. Vumbi akalichekecha kwa chekecheke cha mamake. Yaliyobaki juu akayamimina kwenye sinia, kokoto, maganda ya mayai, mchanga mkubwa, akaniwekea mbele. Nikajivalisha soksi kwa meno. Macho yangu bado yanajua kitu kilichokuwa mbegu na kisichokuwa. Tulichagua mpaka jua likawa juu ya kichwa. Nilivipata saba. Vingine hapana. Mke wa mwanangu akauliza kama achinje kuku tuangalie ndani. Msichana akasema hapana, lakini nilimwona akimpima kwa macho yule jike mnene, kama anavyowapima papa wake.

Alifuta ile barua. Akafungua daftari, akaandika kwamba chupa ya tatu ilikuwa na thelathini na nne, vikahesabiwa tena thelathini, vinne vimepotea. Mbele palikuwa na nafasi ya aliyehesabu.

Akauliza aandike nini hapo.

"Jina langu," nikasema. "Yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

"Na sababu ya kupotea?"

"Andika aliyehesabu alivitupa, na hakusema siku hiyo."

Alisita, kisha akaandika. Nilimwomba anionyeshe. Kusoma kwangu ni polepole, lakini jina langu nalijua popote lilipo, na lilikuwa limeandikwa vizuri, na kosa langu limeandikwa kando yake, vizuri vile vile.

Zilikuwa zimebaki chupa sita. Alifuta sinia kwa kitambaa, akaimimina ya nne mbele yangu, akainuka akaenda kuwafungia kuku.