Walisugua Ngazi, Wakakosa Paa

Saa moja asubuhi, njuga za Biskuti zinasikika kabla mwenyewe hajaonekana. Farasi huyo wa kahawia anakata kona kuingia mtaa wa Lemmert, magharibi mwa Baltimore, akivuta mkokoteni mwekundu uliosheheni matikiti, fyulisi na mafungu ya sukuma wiki. Pembeni yake anatembea Thurman Gaither, kofia imeangukia kisogoni, akinadi kwa sauti iliyozoea kushindana na malori.

"Tikitiii! Jekundu mpaka kwenye ganda! Usiponunua leo, kesho usinililie!"

Biskuti anasimama bila kuambiwa mbele ya nyumba ya Bi Earline Bowser. Bibi huyo wa miaka 79 amepiga magoti kwenye ngazi zake za marumaru nyeupe, ndoo ubavuni, jiwe la kusugulia mkononi. Hainui hata kichwa.

"Fyulisi hizo ni za leo, au zimebaki kwenye matanga ya juzi?"

"Bi Earline, hizi zimeamka kabla yako."

"Mimi nililala saa ngapi, wewe mtoto? Nipe sita. Na ukinichomekea yenye doa, ndoo hii itakuhusu."

"Mtoto" huyo ana miaka 58. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na mkokoteni na lile koo. Siku njema hubakiwa na dola mia moja na ishirini baada ya kununua majani ya farasi. Siku ya mvua, anasema, Biskuti hula vizuri kuliko yeye. Duka la mboga lililo karibu zaidi linahitaji gari kulifikia, kwa hiyo kwa wazee wengi wa Lemmert, soko ni huyu anayewafuata mlangoni.

Na sasa soko hilo liko mashakani kwa sababu ya paa. Banda la matofali analolala Biskuti linavuja, na boriti zake zimeoza. Thurman ameambiwa na jiji kwamba lisipotengenezwa kabla ya theluji ya kwanza, farasi ataondolewa. Fundi ametaja dola elfu thelathini na nane.

"Hata nikijiuza mimi na Biskuti kwa pamoja hatufiki," anasema, "na yeye ndiye mwenye bei."

Ndiyo maana habari za mradi zilipofika, alizipokea kwa mikono miwili. Kampuni moja ya ujenzi, inayomiliki safu ya nyumba tupu ng'ambo ya barabara, iliomba jiji nafuu ya kodi ili ijenge maghorofa na maduka. Kwa miaka ishirini, kodi ya majengo hayo mapya, ambayo ingekwenda kwenye shule na mifereji, ingerudi kufidia gharama za kampuni: dola milioni thelathini na moja. Nayo kampuni ingetenga fungu la kuwakarabatia majirani walio ndani ya eneo la mradi. Sharti lilikuwa moja tu. Jengo lithibitishwe kuwa limechakaa.

Mkaguzi wa kampuni akatangaza kuwa angepita Jumamosi.

Mgeni anakuja! Watu wa Lemmert hawajui kumpokea mgeni kwa vumbi. Wiki nzima mtaa ulinuka sabuni. Ngazi zilisuguliwa mpaka mtu akaona haya kuzikanyaga. Thurman alipaka rangi milango ya banda, akaziba ufa mkubwa wa ukutani kwa plasta, akatundika kikapu cha maua, akamsuka Biskuti manyoya ya shingo kama bibi harusi.

Mkaguzi alikuja, kijana mwenye adabu zake. Aliketi kwenye ngazi za Bi Earline, akala vipande viwili vya pai ya viazi vitamu, akapiga picha, akausifu mtaa. Hakuna aliyemkaribisha ndani.

"Ningempeleka wapi?" Bi Earline anauliza. "Chumbani, akahesabu ndoo ninazokingia mvua? Mgeni?"

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakuwa na mkaguzi mlangoni na pai jikoni.

Ramani ilipotoka, mstari wa mradi ulikuwa umepita katikati ya barabara. Upande wa akina Thurman uliandikwa "hali nzuri" na kuachwa nje. Upande wa pili, wenye nyumba ambazo kampuni imezimiliki kwa miaka kumi na moja bila kupigilia hata ubao, ulistahili nafuu yote.

"Wao waliacha nyumba zioze, wakapewa zawadi ya kuoza," anasema Thurman. "Sisi tumetozwa faini ya sabuni."

Inauma, na anayeandika haya haoni sababu ya kuficha kwamba inauma.

Hata hivyo, si wote wanaoichukia miradi ya aina hii. Ronnetta, mpwa wa Thurman, anafanya kazi kwenye hoteli iliyojengwa kwa mpango kama huo upande mwingine wa jiji. Ana mshahara wa kueleweka na bima ya afya.

"Anko, kabla ya ile hoteli pale palikuwa na panya tu," anamwambia. "Panya hawaajiri mtu."

"Sikatai. Lakini wateja wangu wa mtaa ule wako wapi?"

"Wamehama. Pango lilipanda."

"Na wewe mwenye ajira unakaa pale?"

Ronnetta anacheka, kisha kicheko kinaisha. "Napanda mabasi mawili, Anko. Unajua."

Majirani walikata rufaa kwa jiji, na ukaguzi wa pili umepangwa Jumanne. Mwanasheria anayewasaidia bure aliwapa ushauri mfupi: msisugue ngazi, takataka ziacheni nje, rangi ibandueni. Mkutano ukawaka moto kwenye ukumbi wa kanisa.

"Uchafu wa wiki moja tu, jamani! Hatutakufa!" alisema mmoja.

"Nyinyi hamtakufa," Bi Earline alimjibu. "Mimi nikifa wiki hiyo, mtanitoa kwenye mlango mchafu?"

Macho yote yakamgeukia Thurman, maana paa ni lake. Aliomba apewe usiku mmoja wa kufikiri.

Asubuhi alichukua nyundo, akaibomoa ile plasta mpaka ufa ukaonekana wote. Kikapu cha maua hakukigusa.

"Ufa ni wangu, ni wa kweli, nimeutoa hadharani," anasema. "Uchafu si wangu. Siwezi kuazima uchafu."

Jumanne, anasema, mkaguzi atapewa pai yake kama kawaida. Kisha Thurman atamshika mkono, ampandishe darini, aguse boriti kwa kidole chake mwenyewe. Bi Earline naye amekubali kufungua chumba chenye ndoo.

"Nataka aone vyote, ngazi zinazong'aa na paa linaloanguka," anasema, akimpapasa Biskuti shavuni. "Akiona kwamba mtu hawezi kuwa maskini na msafi kwa wakati mmoja, basi aandike hivyo. Na chini yake aweke jina lake."