Namba za Mkaa Mpemba

Nilitoka nyumbani Mbozi Mission kwa sababu ya vidonge. Kaka yangu Yohana, dereva wa lori, alipiga simu kutoka kwenye foleni ya kuelekea mpakani Tunduma. Dawa zake za presha zilikuwa zimekwisha tangu juzi na hakuweza kuliacha gari. Wiki hiyo hiyo majirani walikuwa wamenichagua mwenyekiti wa kitongoji na kunikabidhi filimbi ya kuitia mikutano. Nilisafiri nayo shingoni, nikijiona mtu mkubwa kweli. Niliamini kiongozi ni sauti.

Saa mbili asubuhi nilipanda bodaboda hadi Vwawa, kisha basi dogo. Kondakta aliiona filimbi akaniuliza kama mimi ni trafiki. Sikucheka.

Saa nne nilishuka Mpemba, malori yalipoanzia. Kati ya gari na gari madereva walikuwa wanapika ugali kwenye majiko ya mkaa. Nilimkuta kaka amekaa kwenye usukani, macho mekundu. Alimeza kidonge bila hata maji. Hapo nikasikia harufu ya petroli. Lori la mafuta lililokuwa mbele yake lilikuwa linavuja kwenye koki, na mafuta yalikuwa yanateremka taratibu juu ya lami kuelekea majikoni.

Nilipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele kwamba tunaungua. Madereva wakarukia magari yao. Kaka akashika funguo.

"Yohana, usiwashe. Cheche moja inatosha."

Aliyesema ni Bakari, dereva mwembamba kutoka Tanga, ambaye gari lake lilikuwa mbele ya lile la mafuta. Hakupaza sauti. Akanigeukia mimi. "Dada, hiyo filimbi itie mfukoni. Ukiwatisha, watawasha magari."

Niliona aibu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Bakari akalimwagia maji jiko lake mwenyewe, na wenzake wakaruka chini, wakazima yao na kupanda tena. Kisha akawaomba wote washuke, watembee hadi shamba la mahindi ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeshuka. Petroli ilikuwa imefika kwenye tairi la mbele la kaka yangu naye bado amekaa garini. Nilimvuta mkono, akanisukuma.

"Yohana, unaogopa nini?" Bakari akamuuliza.

"Leo siku ya tano niko hapa. Nikishuka, foleni ikasogea, wa nyuma watanipita. Nitaanza upya."

Ndivyo ilivyo kwenye foleni ile: gari lisilo na dereva hupitwa. Wote waliogopa hilo kuliko moto.

Bakari akaokota mkaa uliozimwa, akaanza kuandika namba kwenye milango, gari baada ya gari. Alitembea, hakukimbia. "Hii ndiyo nafasi yako. Ukirudi, unaingia hapa hapa."

"Na mimi wa Zambia unaniandika, mukwai?" dereva mmoja akauliza kwa heshima.

"Wewe wa sita, kaka."

Mwingine akasema namba za mkaa hazina mwenyewe, nani atazilinda?

"Mimi nakuwa wa mwisho wenu wote," Bakari akajibu. "Wa nyuma wakitupita, wa kuumia kwanza ni mimi." Akaandika ishirini na tatu kwenye mlango wake mwenyewe.

Kaka akaachia funguo, akashuka. Wakashuka wote.

Saa sita gari la zimamoto tuliloliita kwa simu lilifika, tukiwa tumekaa kwenye matuta ya mahindi. Koki ilifungwa, lami ikamwagiwa mchanga. Madereva walirudi kwa namba zao na hakuna aliyebishana. Bakari aliyekuwa mbele yao wote akasubiri wapite, mmoja mmoja, ndipo akaingia nyuma yao.

Jioni nilifika nyumbani, nikaitundika filimbi msumarini. Siku hizi nikiwa na mkutano napita nyumba kwa nyumba, na kabla ya kumwomba mtu jambo namuuliza anaogopa kupoteza nini. Kaka hunitania kwamba nimekuwa mwenyekiti bubu. Namwacha acheke. Nilipopuliza ile filimbi, alishika funguo; Bakari alipomuuliza anaogopa nini, aliziachia.