Shuka Mbele ya Televisheni

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa nimesimama kando ya televisheni kule Ngarenaro na shuka jekundu begani, nikisubiri kuambiwa nifunike. Kwa umri wangu ningeweza kukaa kimya nikanywa chai yangu hapa Daraja Mbili, lakini wewe umeniuliza swali, na kila nikitaka kulijibu narudi kwenye Jumamosi ile.

Uliniuliza: serikali inapofunga kurasa za picha chafu mitandaoni, inafanya vizuri au vibaya? Uliuliza kama vile nina jibu mfukoni. Sina. Binti wa jirani yangu hapa, kijana aliyekuwa anampenda alisambaza picha zake za faragha, na binti yule ameacha chuo, anashinda ndani na pazia limevutwa. Niliposikia nilisema wafunge mitandao yote, wafunge hata redio. Haikupita wiki, ule ukurasa ambao vijana wa mtaa walikuwa wanaulizia kwa nini bomba halitoi maji ukawa haufunguki. Mmoja akaniambia umefungwa pamoja na uchafu. Mwingine akasema ni mtandao tu umesumbua. Nani aliufunga, au kama ulifungwa kweli, sijui, na sitasema nisilolijua. Najua tu kwamba nilikuwa nimeshapiga makofi, na sasa sijui mikono niiweke wapi.

Basi kaa nikusimulie. Pengine tukifika mwisho mmoja wetu atakuwa ameelewa.

Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa siwezi kukaa sehemu moja kabla sijajua nyuma ya kilima kuna nini. Nimechimba mawe Mererani, nimewabebea wageni mizigo Mlima Meru, nimepaka malori rangi, nimekaanga chipsi. Kazi niliyokaa nayo kuliko zote ni ya kibanda cha video, kwa sababu pale dunia ilikuwa inanifuata yenyewe.

Kibanda kilikuwa cha Mama Anaeli, mama wa Kichaga, mtu wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alikuwa na televisheni moja, deki moja ya kuchezea kanda, na mabenchi ya mbao. Na alikuwa na tatizo moja. Watu walitaka filamu za ngumi na za mapenzi, na ndani ya filamu hizo kila mara palikuwa na mahali ambapo watu walianza kuvuana nguo. Sasa fikiria waliokaa kwenye yale mabenchi: mafundi gereji, wauza ndizi, mama na mtoto mgongoni, na siku nyingine mtu na mama mkwe wake. Kwetu mtu hawezi kukaa na mkwewe wakatazama jambo la namna ile. Atatoka nje, na hatarudi tena kwenye kibanda chako.

Ndipo Mama Anaeli akanunua shuka la Kimasai na kunipa kazi ya kulishika. Akiona mambo yanaanza, anapiga kelele kutoka mlangoni: "Lais, funika!" Nami nalitandaza mbele ya kioo kwa mikono miwili mpaka aseme, "Funua!" Picha ilijificha, lakini sauti iliendelea, na watu walikuwa wakiisikia ile sauti nyuma ya shuka wanacheka mpaka benchi linalia.

"Lais, mikono imechoka, teremsha upumzike!" mafundi walikuwa wakinitania.

"Mbona yeye anachungulia? Lais, tusimulie basi!"

Kweli nilikuwa nachungulia. Mtu mwenye udadisi kama mimi umpe shuka, unategemea nini?

Jumamosi ninayokuambia, alikuja Eliya, kijana aliyekuwa anapiga picha za video za harusi na misiba huko mlimani. Alikuwa na kanda ya mkutano wa mfereji. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: kule mteremkoni maji ya shamba huja kwa mfereji, na kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia. Usipopata zamu yako, migomba inakauka huku unaiangalia. Mkutano wa mfereji ulikuwa wa wanaume. Lakini siku aliyoenda Eliya na kamera yake, Mama Nengai alisimama akasema. Alikuwa mjane, na zamu ya marehemu mumewe ilikuwa imeanza kupotea. Wanaume walimkalisha chini kabla hajamaliza. Kamera ilikuwa imeshakunywa maneno yake.

Eliya akamwambia Mama Anaeli, "Leo wenye mfereji wako sokoni. Wawekee waone."

Ikawekwa kabla ya filamu. Watu wa mlimani walijaa, wakifurahi kujiona kwenye kioo, wakicheka kofia za wenzao. Mbele kabisa alikaa Mwenyekiti wa mfereji, mzee mwenye koti, ambaye shamba lake halikuwahi kukauka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama Mama Nengai na tenga lake la ndizi. Eliya alikuwa amemwita, naye alikuja na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

Uso wake ulipotokea kwenye kioo, Mwenyekiti aliinuka. Hakuniambia nifunike. Alisema, "Hebu lete hapa," akavuta shuka begani kwangu na kulitandaza mwenyewe.

"Haya ni matusi," akasema. "Humu kuna watoto."

Nikabaki nimesimama, mikono mitupu. Mzee ananyang'anywaje kitu mkononi? Nilimtazama Mama Anaeli, naye alikuwa amegeuka anamimina chai.

Halafu lilitokea jambo ambalo hata leo nikilikumbuka naona baridi. Sauti ya Mama Nengai ilikuwa inaendelea nyuma ya shuka. "Zamu yangu ni ya Jumatano," ilisema. "Kila Jumatano nakwenda na jembe langu, nakuta pakavu." Na watu wakacheka. Walikuwa wamezoea, mwanangu. Shuka likipanda, kilicho nyuma yake ni uchafu, na uchafu unachekwa. Hawakusikia maji, hawakusikia jembe.

"Mama anataka Jumatano!" fundi mmoja akapiga kelele. "Mpeni Jumatano yake!"

Kibanda kikalipuka. Nilimwona Mama Nengai pale mlangoni. Alikuwa anasikia maneno yake mwenyewe, ya shamba la watoto wake, yakichekwa kama sauti za watu walio kitandani.

Alitua tenga chini. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama kando ya shuka.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba," mzee akajibu, kwa sababu salamu lazima uijibu hata mikono yako ikiwa hewani na shuka la watu.

"Sauti ile ni yangu. Nipo hapa. Umefunika picha, na mimi utanifunika?"

Kicheko kilikufa kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mambo ya mfereji hayazungumzwi kwenye sinema," akasema Mwenyekiti.

"Umesema ni matusi. Nimemtukana nani? Waambie hawa unafunika nini, halafu uendelee kufunika. Mimi sitakuzuia."

Mzee mwingine wa mlimani akasema taratibu, "Mwenyekiti, hebu kaa tumsikie." Mwenyekiti akalitupa shuka kwenye benchi na kutoka nje. Eliya akairudisha kanda mwanzo, tukaitazama yote, na hakuna aliyecheka.

Ungefikiri hapo nilielewa kila kitu. Wiki iliyofuata wale mafundi walikuja na kanda yao. "Mama, umeona ubaya wa shuka," wakamwambia Mama Anaeli. "Ondoa kabisa. Sisi ni watu wazima, tuko huru." Mama akanituma niitazame kwanza peke yangu. Nilienda nikiwa na hamu, sikufichi. Palikuwa na msichana. Kila mara aligeuza uso pembeni, kwa mtu ambaye kamera haikumwonyesha, kama anayeuliza yataisha lini. Hakuna aliyekuwa anamjibu. Nilizima deki, nikatoka nje kwenye jua, nikakaa juu ya tairi.

Mama Anaeli akanifuata.

"Mama, sielewi," nikamwambia. "Jumamosi nililichukia hili shuka. Leo ningelitandaza kwa mikono yote miwili na miguu. Ni zuri au ni baya?"

"Unaliuliza shuka," akasema. "Muulize mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyelishika! Mwenyekiti alipolichukua ulikuwa umesimama pale kama mwanasesere. Mimi niligeuka, ni kosa langu. Wewe ulikuwa karibu. Hukuhitaji kumnyang'anya. Ungemuuliza tu, mzee, unafunika nini? Kuuliza nako mpaka mtu amalize shule?"

Ile kanda ya mafundi alikataa kuicheza, wakanuna, kisha siku nyingine wakarudi kwenye mabenchi yao. Shuka lilibaki, ila kwa sheria mpya: anayefunika lazima aseme kwa sauti anafunika nini, na mtu yeyote kwenye benchi anaweza kusema "Funua" na akajibiwa. Basi ikawa natangaza kama mhubiri: "Nafunika mume na mke, wamevua mashati!" Watu walicheka kuliko zamani. Lakini hapana tena mtu aliyeweza kusimama pale akasema, "Nafunika mama anayedai maji."

Jumatano ya Mama Nengai ilirudi. Maji yalifika shambani kwake, nilikwenda mwenyewe kuangalia, kwa sababu nilitaka kujua. Lakini pale sokoni waliendelea kumwita Mama Jumatano, hata watoto ambao hawakuwahi kuingia kibandani. Aliuza ndizi na jina hilo miaka mingi. Picha ilifunuliwa, lakini kicheko hakikurudi kilikotoka.

Sasa mwanangu, kibanda kilikuwa cha watu wa mabenchi machache. Mtandao ni wa nchi nzima, na aliyeshika shuka humwoni, pengine hata si mtu, ni mashine. Sheria ya Mama Anaeli inafanyaje kazi huko? Hapo ndipo akili yangu inapogota. Nilichonacho ni hiki, kichukue kama kilivyo. Usitazame kitu ambacho aliyemo ndani yake anaomba kiishe, hata kama wote wanakiita uhuru. Binti wa jirani yangu ana haki ya kufunikwa, na anayemfunika nitamshukuru. Lakini ukiambiwa ukurasa umefungwa kwa sababu ya uchafu, usicheke kabla hujajua nini kilikuwa ndani. Uliza kimefungwa nini, nani ameamua, na aliyefungiwa aende wapi akasikilizwe. Uliza kwa adabu, na shikamoo juu. Na mtu akiuliza hivyo mbele yako, usimwambie kwamba anapenda uchafu. Pengine anadai maji tu.

Nami najiambia hayo hayo, maana nilikuwa nimeshapiga makofi.

Mungu akulindie macho, mwanangu, na akuache na udadisi wako, kwa maana huo hauna madhara ukiwa na huruma. Zamu yako ya maji ikufikie. Jina lako liitwe sokoni kama mama yako alivyolitoa. Na siku utakaposema jambo la kweli wakalitandazia shuka, asikosekane mtu mmoja kwenye benchi wa kusema: funua.