Hodi kwenye Ofisi Zisizo na Geti

Nilichora eneo jipya la ofisi za serikali hapa Bagamoyo bila geti. Bosi alitaka ukuta. Nikabisha: mabenchi mazito ya zege yatazuia magari, na mwananchi haombi ruhusa kuingia kwake. Akasema, "Wasipoingia wenyewe, najenga geti."

Siku ya kufungua, akina mama wa kata ya Dunda walisimama nje ya mabenchi, wakatazama tu. Nikatoka kuwaonyesha kwamba mtu anapita bila kuuliza. Nikatembea kwa madaha hadi kwenye mabenchi, na mdomo wangu ukaita, "Hodi!"

Wakaangua kicheko. "Ngoja ukaribishwe, mwanangu!"

Bosi akadakia, "Hata mchoraji anatafuta mlango! Leteni futi tupime geti."

"Karibu!" nikajiitikia kwa sauti, nikaingia.